Sura ya Nne: Lupita Alitokea Wapi?

“Huyu dada ametokea wapi?” Ndilo swali lililoulizwa na wengi tarehe 2 Machi 2014, mwanamke aliyevaa gauni la buluu iliyofifia alipoitwa jukwaani mjini Los Angeles kupokea Oscar. Jana yake alikuwa ametimiza miaka 31. Filamu iliyompa tuzo hiyo, 12 Years a Slave, ndiyo iliyokuwa filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza. Miongoni mwa aliowabwaga usiku ule walikuwamo Julia Roberts na Jennifer Lawrence, ambao kila mmoja alikwisha kupata Oscar yake kabla ya hapo.

Tuzo aliyopewa Lupita Nyong'o huitwa ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. “Msaidizi” hapa si naibu wa mtu. Ni mwigizaji ambaye hadithi haimzunguki yeye, lakini bila yeye hadithi ingeyumba.

Miaka imepita na swali bado lipo. Kila anapotoa filamu mpya linaibuka, na mara nyingi muulizaji amekwisha kujijibu mwenyewe: ni bahati tu. Mwingine atasema ni jina la baba. Sura hii inafuata jibu la tatu, lisilo na mvuto mkubwa magazetini. Kabla kamera ya Hollywood haijamwona, Lupita alikuwa amekaa jukwaani, na nyuma ya jukwaa, kwa karibu miaka 15.

Kwanza, jina la baba

Lupita alizaliwa jijini Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, ni mwanasayansi wa siasa aliyeondoka Kenya katika miaka ambayo msomi mwenye kuikosoa serikali hakuwa na usalama, akapata kazi ya kufundisha Mexico. Mtoto alipelekwa Kenya kabla hajatimiza mwaka, akakulia Nairobi katika familia ya Kijaluo yenye watoto sita. Alipofika miaka 16 wazazi wakamrudisha Mexico kwa miezi saba, katika mji wa Taxco, ili ajifunze Kihispania. Leo anazungumza Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania.

Baba baadaye akawa mbunge, waziri, seneta, na tangu 2017 gavana wa Kisumu. Je, jina hilo lilisaidia? Lilisaidia, na hakuna haja ya kulifunika. Lilileta shule nzuri, vitabu, safari, na wazazi ambao hawakumwambia binti yao aache mambo ya maigizo akasome uhasibu. Watoto wengi wa Nairobi wenye kipaji hicho hicho hawakuyapata hayo. Lakini msaili wa New York anayetafuta mwigizaji hajui Kisumu iko wapi, wala hana habari na seneta wake. Jina lilimfikisha mlangoni tu.

Juliet wa miaka 14

Akiwa na miaka 14 Lupita alicheza nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, chini ya Phoenix Players, kundi la maigizo lililokuwa na ukumbi wake mdogo kwenye jengo la Professional Centre katikati ya Nairobi. Phoenix lilikuwa kundi la aina inayoitwa repatori. Maana yake ni kwamba kundi lina waigizaji wake na linaandaa tamthilia moja baada ya nyingine mwaka mzima: mnaonyesha hii jioni, na mchana mnafanya mazoezi ya ile itakayofuata. Mwigizaji hana nafasi ya kuzoea. Kwa Phoenix, Lupita alicheza pia vichekesho kama On the Razzle na There Goes the Bride, na anayejua kazi hii atakwambia kwamba kuchekesha watu jukwaani ni kugumu kuliko kuwaliza. Ukichelewa nusu sekunde kusema neno lako, kicheko kimekufa.

Jukwaa lina masharti ambayo kamera haina. Sauti lazima ifike safu ya mwisho bila kipaza sauti. Mwili lazima useme, kwa sababu aliyekaa nyuma haoni jicho lako likilengwa na machozi. Na hakuna kurudia. Tukumbuke masharti haya matatu, maana yanaeleza karibu kila kitu alichokuja kufanya Hollywood.

Ukumbini Nairobi pia ndiko alikofahamiana na kijana wa rika lake, Saheem Ali, ambaye naye baadaye alihamia Marekani na kuwa mwongozaji wa tamthilia. Tutakutana naye tena.

Lakini kucheza ni jambo moja na kuamini kwamba mtu anaweza kula kwa kucheza ni jambo jingine. Lupita ameeleza mara nyingi kwamba kilichomfungua macho ni filamu The Color Purple ya 1985. Alimwona Whoopi Goldberg, mwanamke mweusi mwenye nywele kama zake, akiwa mhusika mkuu, akagundua kwamba kumbe hii inaweza kuwa kazi.

Kibarua wa seti

Hata hivyo hakukimbilia uigizaji. Alikwenda Hampshire College, jimbo la Massachusetts, kusoma filamu na maigizo, na alipopata nafasi alifanya kazi upande wa pili wa kamera. Filamu The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa miongoni mwa wale wanaotumwa huku na kule kwenye seti: lete hiki, mwite fulani, zuia watu wasipite. Hapo ndipo alipozungumza na nyota wa filamu hiyo, Ralph Fiennes, akamwambia kwamba anatamani kuigiza. Fiennes hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuifanya.

Mwaka 2009 alitoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, inayoeleza maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Ni filamu ya hali halisi, yaani isiyotunga hadithi bali inawafuata watu wa kweli. Mwaka huo huo alionekana katika Shuga, tamthilia ya televisheni ya MTV iliyopigwa Nairobi kuhusu vijana na Virusi vya Ukimwi. Mtazamaji wa Kenya aliyeshangaa mwaka 2014 yawezekana kabisa alikuwa amemwona sebuleni kwake miaka mitano nyuma, akamsahau.

Kuigiza akiba

Kisha Yale. Chuo Kikuu cha Yale, katika mji wa New Haven, kina mojawapo ya shule za maigizo zinazoheshimiwa zaidi Marekani. Lupita alisoma hapo shahada ya uzamili kwa miaka mitatu, akamaliza 2012. Huko mwanafunzi anafundishwa kupumua, kutembea, kuanguka bila kuumia, kubadili lafudhi, kuusoma mswada hadi ajue kwa nini mhusika amenyamaza pale aliponyamaza.

Alipokuwa ndiyo kwanza ameanza, ukumbi wa Yale uliandaa tamthilia iitwayo Eclipsed, iliyoandikwa na Danai Gurira, Mmarekani mwenye asili ya Zimbabwe. Lupita alipewa kazi ya mwigizaji wa akiba. Huyu ni mtu anayejifunza nafasi ya mwenzake neno kwa neno, hatua kwa hatua, ili siku mwenzake akiugua yeye aingie. Kazi hiyo haina makofi: unajifunza yote, kisha unakaa nyuma ya pazia ukisikiliza mwingine akisema maneno uliyoyahifadhi.

Miaka hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Oktoba 2017 aliandika katika gazeti la The New York Times jinsi mtayarishaji Harvey Weinstein alivyomwandama tangu alipokuwa bado mwanafunzi, akichanganya ahadi za kazi na mambo yasiyohusu kazi. Upande wa Weinstein ulisema yeye anayakumbuka mambo tofauti. Makala hayo yalisomwa sana, kwa sababu yalionyesha kwa undani jinsi msichana asiye na jina anavyopimwa kwenye meza za wakubwa.

Kwa ufupi, kabla ya filamu yake kubwa ya kwanza Lupita alikuwa amepitia:

– jukwaa la repatori Nairobi tangu utotoni;
– kazi za chini kwenye seti ya filamu ya kimataifa;
– filamu moja aliyoiongoza mwenyewe na tamthilia ya televisheni;
– miaka mitatu ya shule ya maigizo, akicheza Shakespeare na Chekhov.

Patsey na kipande cha sabuni

Mwongozaji Mwingereza Steve McQueen alikuwa akimtafuta mtu wa kucheza Patsey. Filamu yake ilitokana na kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853, kumbukumbu za mtu huru wa New York aliyetekwa na kuuzwa utumwani Louisiana. Patsey ni kijakazi anayechuma pamba kuliko wanaume wote shambani, zaidi ya ratili 500 kwa siku, yaani kama kilo 230. Bwana wake anamtamani na kumtesa, na mke wa bwana anamchukia kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya usaili wa wasichana wengi McQueen alimwona Lupita, na kazi ilianza majira ya kiangazi ya 2012, Lupita akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni.

Tazama onyesho la sabuni. Patsey ametoroka kwenda shamba la jirani, amerudi, na bwana wake Epps, anayechezwa na Michael Fassbender, anawaka. Patsey ananyoosha mkono. Kiganjani mna kipande kidogo cha sabuni. Amechoka kunuka, ndiyo sababu ya safari yake, na anaisema bila kulia kwanza. Anaisema kama mtu anayedai haki ndogo kabisa. Kisha anafungwa kwenye nguzo, na McQueen anaiacha kamera izunguke kwa dakika kadhaa bila kukata.

Hapo ndipo shule ya jukwaa inapoonekana. Filamu nyingi hushonwa kwa vipande: sekunde tatu za uso, mbili za mkono, na mhariri anamwokoa mwigizaji pale alipolegea. Kamera isipokata, hakuna wa kumwokoa. Aliyezoea kusimama mbele ya watu saa mbili mfululizo hana hofu na hilo.

Kwa tuzo ile Lupita akawa mwanamke mweusi wa sita kushinda katika kundi la waigizaji wasaidizi. Wa pili alikuwa Whoopi Goldberg.

Oscar, halafu uso ukafichwa

Ungetarajia kwamba baada ya hapo angeonekana kila mahali. Ajabu ni kwamba kazi kubwa zilizofuata hazikuonyesha uso wake. Katika Star Wars: The Force Awakens ya 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja na miwani mikubwa. Kazi hiyo hufanywa kwa unasaji wa miondoko: mwigizaji huvaa nguo iliyobana na kuwekwa alama usoni na mwilini, kamera zinanasa kila anavyosogea, kisha kompyuta inamvika mwili wa kiumbe. Mwaka uliofuata alikuwa Raksha, mbwa mwitu mama katika The Jungle Book, ambako kilichotumika ni sauti tu.

Wapo waliolalamika kwamba Hollywood imempa mwanamke mweusi tuzo kisha ikamficha. Lalamiko hilo lina uzito. Waigizaji weupe wenye Oscar hawakai wakisubiri nafasi za binadamu. Lakini Lupita mwenyewe alisema alivutiwa na Maz kwa sababu baada ya Patsey, nafasi iliyokuwa na mwili wake katikati, alitaka kazi ambayo mwili wake haungekuwa mjadala. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Wakati huo huo alifanya jambo ambalo mawakala wengi wangemkataza. Alirudi jukwaani, tena kwa tamthilia ile ile aliyoisikiliza akiwa nyuma ya pazia. Eclipsed ilifunguliwa Public Theater, New York, mwaka 2015, na Machi 2016 ikahamia Broadway, jina linalotumiwa kwa kumbi takriban 40 kubwa za maigizo za Manhattan. Hadithi yake iko Liberia mwaka 2003, katika kibanda cha wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi na kugeuzwa wake zake. Lupita alikuwa msichana anayeletwa pale karibuni, asiyetajwa kwa jina, ambaye hatimaye anashika bunduki mwenyewe. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo Broadway kuwa na tamthilia ambayo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote ni wanawake weusi. Lupita aliteuliwa kuwania Tony, ambayo kwa jukwaa ni kama Oscar kwa filamu.

Katika waigizaji wale watano alikuwamo Akosua Busia wa Ghana. Huyu ndiye aliyecheza Nettie, mdogo wa mhusika wa Whoopi Goldberg, katika The Color Purple.

Koo la Red

Black Panther ya 2018 ndiyo iliyoufikisha uso wake kwa watu wengi zaidi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na Lupita alikuwa Nakia, mpelelezi wa Wakanda, nchi ya kubuni. Kwa kupima uigizaji, hata hivyo, filamu ya kukalia ni Us ya Jordan Peele, ya 2019. Humo anacheza watu wawili: Adelaide, mama mwenye familia yake, na Red, pacha wake wa kutisha anayeishi chini ya ardhi. Mara nyingi wawili hao wako chumba kimoja, wakitazamana.

Red anatembea kama aliyenyooshwa kwa kamba kutoka utosini. Sauti yake inatoka kwa kukwaruza, ikikatika ndani ya neno. Lupita alieleza kwamba aliijenga kwa kujifunza hali ya kiafya ambayo misuli ya kisanduku cha sauti hukazana bila mtu kutaka, na maneno yakatoka vipande vipande. Watetezi wa watu wenye hali hiyo walimlaumu kwa kuihusisha na mhusika wa kutisha, naye akaomba radhi. Lawama ilikuwa ya haki. Ustadi nao ulikuwapo: wakosoaji wa filamu wa New York walimchagua mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Oscar haikumteua hata kuwania. Kwa muda mrefu filamu za kutisha hazikupendwa sana na wapiga kura wa tuzo hiyo.

Mwaka 2024 ulikuja na jaribio zuri zaidi, ingawa hakuna aliyelipanga. Katika The Wild Robot Lupita ni sauti tupu: roboti iitwayo Roz, ambayo sauti yake inaanza kama ya mashine ya huduma kwa wateja na kidogo kidogo inaingiwa na umama. Katika A Quiet Place: Day One ni kinyume chake. Viumbe wanaowinda kwa kusikia wamevamia New York, anayetoa sauti anakufa, na Lupita, akiwa mgonjwa wa saratani anayetembea na paka wake, anacheza karibu filamu nzima kwa macho na pumzi. (Lupita mwenyewe alikuwa akiwaogopa paka maisha yake yote, ilibidi azoeshwe kabla ya upigaji, na baadaye akafuga wake.) Filamu mbili za mwaka mmoja, moja bila mwili na nyingine karibu bila sauti. Ni waigizaji wachache wanaoweza kunyang'anywa nusu ya zana zao hivyo na bado wakabaki wazima.

Na lafudhi je?

Hili ni swali la pili la Wakenya, na huulizwa kwa sauti ya lawama: mbona anazungumza Kizungu cha Marekani? Alilijibu mwenyewe mwaka 2024 katika kipindi chake cha sauti, Mind Your Own, kinachokusanya visa vya Waafrika. Akiwa Yale aliamua kujifunza lafudhi ya Kimarekani na kuishi nayo mchana kutwa, ili asinyimwe kazi. Uamuzi huo ulimgharimu; anasema alilia akihisi anajipoteza. Filamu ya kwanza ilipomletea umaarufu, aliamua kwamba mbele ya waandishi wa habari atazungumza kama mtu wa kwao, ili msichana wa Afrika anayemtazama asidhani kwamba lazima ajibadilishe sauti. Kufikia hapo lafudhi yenyewe ilikuwa imechanganyika, na imebaki hivyo.

Jibu jingine lilitolewa Agosti 2025 kwenye Delacorte, ukumbi wa wazi wa Central Park jijini New York ambako Shakespeare huonyeshwa bure. Ulikuwa umefunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa, na tamthilia ya ufunguzi ilikuwa Twelfth Night, kisa cha mapacha wanaopotezana meli inapozama. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, yule kijana wa Nairobi. Lupita alikuwa Viola, na pacha wake Sebastian alichezwa na mdogo wake wa kuzaliwa, Junior Nyong'o. Mapacha hao walitoka nchi ya mbali, kwa hiyo Ali aliwafanya wazungumze lugha yao, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Msomaji aliyesoma shuleni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, hatashangaa kwamba Shakespeare na Kiswahili vinakaa pamoja.

Wapi pa kuanzia

Anayetaka kumtazama kwa mara ya kwanza asianze na 12 Years a Slave; ni nzito mno, na haifai kuwashwa mbele ya watoto. Us nayo ni ya wenye moyo. Aanze na Queen of Katwe ya 2016, iliyoongozwa na Mira Nair na kupigwa kwa sehemu kubwa Kampala. Ni hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyekuwa bingwa wa sataranji. Lupita ni mama yake, Nakku Harriet, mjane anayeuza mahindi na kuhamishwa nyumba hadi nyumba, ambaye haamini kwamba mchezo wa ubao unaweza kumlisha mtoto. Hapigi kelele. Anakunja kitambaa kiunoni, anamtazama kocha kutoka juu mpaka chini, na kocha mwenyewe anajua ameshindwa kabla hajasema.

Filamu ikiisha usiizime. Wakati majina yanapita, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu aliyemwigiza, na hapo Lupita na Harriet mwenyewe wanaonekana bega kwa bega.